Mgeni Rasmi wa Tahadhari

Nchi yenyewe siitaji jina. Si kwamba nalificha, la. Ni kwamba ukilitaja jina la nchi ile ni lazima kwanza utaje jina la Mheshimiwa Rais, na vyeo vyake, na umpe pole ya safari, na mpaka nimalize hayo mtakuwa mmeshasinzia. Chukueni tu kwamba ni nchi. Ina bendera, ina mto, ina wizara nyingi kuliko zahanati, na ina tovuti.

Tovuti hiyo ililelewa na mtu mmoja, Bi Siwema Mbaruku, mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kamba shingoni, aliyekaa chumba cha nyuma katika Idara ya Taarifa za Umma. Alikuwa na kompyuta moja ya zamani iliyonguruma, na ndani yake programu ya kuhariria kurasa aliyoijua kama jiko la nyumbani kwake. Ukitaka jambo litangazwe, ulimpelekea karatasi. Aliufungua ukurasa, akaandika, akausoma tena huku amekunja uso, akaupandisha. Chai aliyoagiza ilikuwa bado inatoa mvuke, na wananchi wameshajua kwamba maji yatakatika kesho, au kwamba zahanati ya Mzambarauni imepata daktari.

Sasa jamani, hebu fikirieni aibu hiyo. Wananchi wanajua kabla ya waziri! Siku moja Mheshimiwa Waziri wa Taarifa, Dakta Lugendo, alipigiwa simu na shemeji yake akimuuliza habari za maji kukatika, na yeye hana habari, yumo bafuni na sabuni machoni. Serikali ikaona hapa hakuna usalama. Haiwezekani habari itoke mkononi mwa mwanamke mmoja iende moja kwa moja mpaka kwa watu, bila kusindikizwa na mtu yeyote mwenye cheo. Ndipo ukanunuliwa Mfumo.

*

Mfumo ulikuwa na jina refu, Mfumo Jumuishi wa Kusimamia Maudhui ya Taifa, lakini kila mtu aliuita Mfumo tu, tena kwa sauti ya chini kidogo. Ulizinduliwa katika ukumbi mkubwa wenye maspika yanayokwaruza. Dakta Lugendo alisimama, akagonga kipaza sauti kwa kidole, akasema:

"Ndugu wananchi, itifaki imezingatiwa. Katika nchi zilizobaki nyuma, maudhui na muonekano vimechanganyika. Ukitaka kubadilisha rangi, unaligusa neno. Ukiligusa neno, rangi inaharibika. Sisi tumevitenganisha. Kuanzia leo, Serikali yenu inao uwezo wa kubadilisha muonekano wa nchi nzima bila kuyagusa maudhui hata kidogo."

Ukumbi ukapiga makofi mpaka feni zikayumba. Na siwezi kumsingizia mtu, ahadi ile ilitekelezwa. Tovuti ikawa ya kijani msimu wa mvua, ya dhahabu siku ya kuzaliwa kwa Mheshimiwa Rais, na nyeusi wiki aliyokufa mbwa wa mke wa balozi fulani. Ukurasa wa Wizara ya Afya ulipambwa maua pembeni na herufi zinazocheza. Ukiufungua, ndani umeandikwa "Ukurasa huu unaandaliwa", na ndivyo ulivyoandikwa tangu wizara ipate umeme.

Ikabaki ile programu ya zamani. Haikuwezekana kuifuta hivi hivi tu, ingeonekana ni utovu wa adabu. Ikaandaliwa hafla ya kuiaga, akaalikwa mgeni rasmi, kwaya ikaimba, na kompyuta ikavishwa shada la maua na kubebwa na wafanyakazi wanne mpaka stoo. Siwema alipewa cheti cha shukrani na fulana inayoweza kumfunika yeye na kiti chake. Alilia kidogo. Wenzake wakadhani amefurahia fulana.

Tangu hapo kila mwenye cheo alipewa nywila ya kuingilia ndani ya Mfumo, na kazi ikagawanywa. Alikuwepo Mwandishi, Mhariri, Mhakiki, Mwidhinishaji na Mchapishaji. Siwema akawa Mwandishi. Kitufe cha kuchapisha hakukiona tena. Pale kilipokuwa, kwenye skrini yake pana nafasi nyeupe.

"Usisikitike, Bi Siwema," alimwambia Mkurugenzi wake, Bwana Nestori, mtu mpole mwenye tumbo la semina nyingi. "Zamani ulikuwa unafanya kazi ya watu watano. Sasa umepumzishwa."

"Na hao wanne wengine wanafanya nini?"

"Wanakupumzisha."

Lakini kilichomchosha hasa ni kiolezo. Kiolezo ni umbo la ukurasa lenye visanduku vya kujaza, na kimoja tu kikiwa kitupu Mfumo haukuachii. Kichwa cha habari. Picha ya Mheshimiwa Rais. Shukrani. Halafu Mgeni Rasmi: jina lake, cheo chake, na picha yake akizindua. Waliokitengeneza waliwauliza wakubwa jambo la kawaida katika nchi hii huwa linakwendaje, na wakubwa wakaeleza wanavyojua. Na mnisamehe, nani kule amewahi kuona jambo likitokea bila mgeni rasmi?

Mambo yakaenda. Tangazo la kukatika umeme lilipata mgeni rasmi, Naibu Waziri mzima, aliyefika na msafara akazima swichi, akina mama wakapiga vigelegele gizani. Tangazo la kipindupindu lilizinduliwa kwa kukata utepe kwenye choo cha shule. Siwema alizoea. Mtu huzoea. Jioni alirudi nyumbani kichwa kizito, akavua viatu, akakaa anatazama ukuta, na mdogo wake akimuuliza kazini vipi anajibu, "Tunasonga."

Huyo mdogo wake ni Kidawa. Tangu Kidawa afiwe na mume walikaa nyumba moja, na Siwema hakuwa na mtu mwingine duniani. Kidawa alikuwa mama lishe. Kila asubuhi alijitwika sufuria la wali, akashika la maharage mkononi, akavuka Daraja la Nyangoro kwenda soko la ng'ambo. Jioni alivuka kurudi, masufuria yakigongana.

*

Asubuhi moja ikaletwa karatasi kutoka kwa mkaguzi wa madaraja. Nguzo ya kati ya Daraja la Nyangoro imeliwa na maji kwa chini. Mto ukijaa, daraja linakwenda. Watu wasipite.

Siwema alisoma, akatazama saa. Saa hiyo Kidawa alikuwa ameshavuka. Akaingia kwenye Mfumo, akaandika: "Nguzo ya kati ya Daraja la Nyangoro imeliwa na maji. Daraja linaweza kuanguka wakati wowote. Watu na magari wasipite." Akaweka picha ya Mheshimiwa Rais. Kwenye Shukrani akaandika "Asanteni". Akafika kwenye Mgeni Rasmi, mkono ukasimama.

Alikwenda kwa Bwana Nestori, akamkuta anakoroga kahawa.

"Mkurugenzi, hili ni la hatari. Halina mgeni rasmi. Naomba Mfumo uruke hapo."

"Mfumo hauruki, Bi Siwema. Mfumo si mbuzi."

"Basi niweke jina lako."

Bwana Nestori akaacha kijiko ndani ya kikombe. "Mimi? Picha yangu pembeni ya daraja linaloanguka? Nina watoto wanasoma."

"Watoto wa watu wanapita pale kila siku."

"Ndiyo maana nakuambia tulifanye kwa utaratibu. Lihifadhi kama rasimu. Nitauliza ngazi za juu."

Ngazi za juu zikaulizwa. Kuzindua kiwanda, hata ambacho hakijajengwa, wangegombania. Hili la daraja bovu kila mmoja aligundua kwamba halimhusu. Waziri wa Ujenzi alisema hilo ni la maji, maana nguzo imeliwa na maji. Waziri wa Maji akasema yeye anahusika na maji ya bomba. Mkuu wa Mkoa akapata safari ya ghafla, kisha akaumwa huko huko safarini. Wiki nzima wakapigiana danadana, na Siwema kila akifika kazini anaifungua rasimu, anaikuta palepale.

Jioni ile ya kwanza alimwambia Kidawa, "Kesho pumzika mdogo wangu, usiende sokoni." Kidawa akacheka. "Nikipumzika tutakula cheti chako?" Siwema alikuwa amekula kiapo cha kutunza siri ya rasimu, na kwa miaka yake yote ya kazi hajawahi kupewa hata barua ya onyo. Akaenda kulala.

*

Sasa rasimu ya Mfumo ilikuwa na tabia yake. Wananchi hawakuiona, lakini mwenye nywila aliiona. Na wenye nywila ni akina nani? Mawaziri, makatibu, wakuu wa idara, madereva wao, mpishi wa Ikulu ndogo, na mchumba wa mpishi. Wote waliisoma. Hakuna aliyefungua mdomo, kwa sababu rasimu ni siri ya Serikali, ila tangu kesho yake gari la Serikali halikukanyaga tena Nyangoro. Misafara ikawa inazunguka njia ya milimani, nusu siku ya vumbi na mashimo. Wakubwa walishuka huko kope nyeupe, mgongo hauwabebi, wakisema siku hizi wanapenda kuangalia mandhari.

Watu wa Nyangoro walifurahi jamani! Hakuna ving'ora, hakuna kusukumwa pembeni, hakuna askari wa kukupigia kelele utoe tenga lako. Wauza mitumba wakasogeza meza zao mpaka katikati ya daraja, kwenye upepo mzuri.

Huku nyuma rasimu ilikuwa inahaririwa, wala msidhani walilala. Mhariri aliona "kuanguka" ni neno kali, akaweka "kushuka". Mhakiki aliona "imeliwa na maji" inatia hofu, akaweka "inakabiliwa na changamoto ya unyevu". Mwidhinishaji hakuamini kwamba Serikali inaweza kuwakataza wananchi kupita kwenye daraja ililowajengea yenyewe, akageuza mwisho wote. Siwema alipofungua alikuta imeandikwa: "Wananchi wapongezwa kwa kuendelea kulitumia Daraja la Nyangoro licha ya changamoto ndogo ya unyevu." Akafuta, akarudisha maneno yake. Kesho yake akakuta yamegeuzwa. Akarudisha. Yakageuzwa. Na Mfumo, kwa uaminifu wake, uliyahifadhi matoleo yote pamoja na tarehe.

Jumamosi Siwema alimkuta Kidawa uani anachambua mchele. Alisimama juu yake na mkoba bado begani.

"Kidawa, lile daraja ni bovu. Linaanguka. Usivuke tena."

"Nani kasema?"

"Nimeandika mwenyewe."

"Umeandika wapi? Kila siku pale sokoni tunafungua tovuti kwenye simu ya Mama Rehani. Kuna mtu anakata utepe."

"Haijatoka. Inasubiri mgeni rasmi."

Kidawa aliweka ungo chini. Alifikiri kidogo, halafu uso ukambadilika. "Ndiyo maana wakubwa hawapiti siku hizi."

"Ndiyo."

"Na sisi tulisema wametuhurumia. Mama Rehani kawaombea dua." Akamtazama dada yake. "Umejua tangu lini?"

"Tangu Jumatatu."

"Wiki nzima unaniangalia najitwika sufuria, dada."

Siwema alikuwa na aibu, na alikuwa amechoka kiasi kwamba hata kujitetea kulimshinda. Akakaa chini kwenye mkeka na mkoba wake.

"Haya, mimi nimebaki nyumbani," Kidawa akaendelea. "Na wenzangu? Na watoto wa shule? Nijifungie humu ndani na siri yako, tusikilize litaanguka saa ngapi?"

Basi wakatoa ubao mmoja kwenye kitanda kibovu, wakatafuta kopo la rangi nyekundu lililobaki walipopaka mlango. Siwema akapiga magoti, akaandika kwa herufi kubwa: DARAJA BOVU. LITAANGUKA. USIPITE. Hapakuwa na kisanduku cha kujaza. Alishangaa jinsi kazi ilivyoisha upesi. Asubuhi na mapema waliupigilia misumari pale watu wanapoingilia darajani, wakarudi nyumbani kimya kimya.

Watu walifika, wakasoma, wakajikuna kichwa, wakageuka. Hakuna aliyeuliza mgeni rasmi ni nani. Wakazunguka kwa juu ya mto, panapovukika kwa miguu, maji yakiwafika mapajani, wakinung'unika njia nzima. Wauza mitumba wakakunja meza zao. Daraja likabaki tupu, na Siwema kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu akalala usingizi wa maana.

*

Habari za ubao zilifika idarani Jumatatu kabla ya chai. Bwana Nestori aliita kikao cha dharura, akarusha picha ya ubao ukutani kwa projekta, akaiangalia kwa huzuni.

"Haya ni maudhui," alisema. "Yamechapishwa nje ya Mfumo. Hayana picha ya Mheshimiwa Rais. Hayana shukrani. Na kibaya zaidi," hapo sauti ikamshuka, "muonekano umegandana na maudhui. Mtaalamu ameangalia. Huwezi kuvitenganisha bila randa ya seremala."

Ikatafutwa nani kafanya. Mfumo ukaulizwa ni nani alikuwa anaandika asubuhi ya ubao, Mfumo ukajibu kwamba hakuna aliyeingia. Kwa hiyo wafanyakazi wote wakathibitika hawana hatia, pamoja na Siwema, aliyekaa mstari wa mbele na rangi nyekundu kwenye kucha. Kucha hazikuwa kwenye Mfumo, hakuna aliyeziangalia.

Ubao ukang'olewa, ukapakiwa kwenye gari la polisi katikati ya askari wawili, ukapelekwa kituoni kama kielelezo. Darajani wakawekwa askari wengine, kila upande, kuhakikisha hakuna mtu anayebandika kitu tena. Walisimama wima, vifua mbele, kwenye nchi kavu. Sajini wao alikuwa na nywila.

Siwema aliamua ataandika ubao mwingine. Lakini siku hiyo hiyo idara nzima ilipakiwa kwenye basi ikapelekwa semina ya kulala huko huko, hoteli ya milimani, mada ikiwa Uandishi wa Tahadhari kwa Njia ya Mfumo. Simu zilikusanywa mlangoni ili washiriki wasikilize vizuri. Alimfuata Bwana Nestori kwenye foleni ya chakula.

"Mkurugenzi, niruhusu nirudi nyumbani. Nina shida."

"Vumilia, Bi Siwema, nina habari njema. Mgeni rasmi amepatikana. Mheshimiwa Waziri mwenyewe. Ripoti ya mwaka ina sehemu ya tahadhari zilizotolewa, na imekutwa tupu. Atakuja kufunga semina, na hapo hapo ataizindua tahadhari yako ya daraja. Hujafurahi?"

Siwema alitazama dirishani. Barabara ilikuwa ya vumbi, ndefu, na nyuma ya vilima mawingu yameanza kukaa. Angeweza kutoka akatembea. Akajiambia, Kidawa anajua. Kidawa havuki. Miguu ilimuuma, akachukua sahani, akakaa.

*

Huko Nyangoro watu walifika asubuhi wakakuta ubao haupo na askari wamesimama. Wakayaelewa mambo kama mtu yeyote mwenye akili timamu katika nchi ile angeyaelewa. Kibao cha hatari kimeondolewa, kwa hiyo hatari imeondolewa. Serikali imeweka ulinzi, kwa hiyo kuna kitu cha maana cha kulinda. Hata hivyo mzee mmoja, muuza mikeka, alitaka uhakika.

"Afande, daraja limeshatengenezwa?"

Afande kazi aliyotumwa ilikuwa kuzuia vibao. Alifikiri, akajibu kwa uangalifu, "Mimi sijamkataza mtu kupita."

Kidawa alikuwa amesimama hapo na masufuria yake. Alikuwa amekaa ndani mpaka unga umekwisha. Simu ya dada yake haipatikani. Akamuona mzee anapita, akamuona Mama Rehani anapita huku anaita, "Kidawa, twende, soko linafunguliwa." Akajisemea kwamba Siwema amefanikiwa, ndiyo maana yuko kimya, ana kazi nyingi. Akalifurahia hilo, akamwonea fahari dada yake. Akajitwika sufuria, na wote wakawa wanapita siku ile na siku zilizofuata, mpaka mvua ikanyesha.

*

Siku ya kufunga semina Dakta Lugendo alifika amechelewa, suti imelowa mabegani. Alizungumza sana. Alieleza kwamba tahadhari ni nguzo ya maendeleo, kwamba mataifa makubwa yote yalianza na tahadhari, kwamba yeye binafsi alipokuwa mtoto alitahadharishwa mara nyingi. Wakati anafika kwenye shukrani kwa Mheshimiwa Rais, mtu mmoja aliingia, akamnong'oneza Bwana Nestori. Bwana Nestori akapauka. Akapanda jukwaani, akamnong'oneza Waziri.

Kipaza sauti kilikuwa wazi, na Siwema alikuwa mstari wa mbele.

"Rasimu ya kwanza iliandikwa lini?" aliuliza Waziri.

"Mwezi uliopita, Mheshimiwa."

"Kwa hiyo ni kabla."

"Ni kabla kabisa."

"Basi achana na hii ya pongezi. Pandisha ile ya kwanza, na tarehe yake ile ile."

Mfumo ulikuwa umetengenezwa kwa ajili hiyo hiyo. Bwana Nestori alibofya kidogo tu, toleo la kwanza likarudi zima, na Dakta Lugendo akakunja mikono ya shati, akabonyeza kitufe. Kamera zikamulika. Ukutani, kwa maandishi makubwa, yakatokea maneno ya Siwema, hata moja halijaguswa. Daraja linaweza kuanguka wakati wowote. Watu na magari wasipite. Chini yake picha ya mgeni rasmi, tarehe ya mwezi uliopita, na jina: Mwandishi, Siwema Mbaruku. Ukumbi ukasimama kupiga makofi. Mshereheshaji akachukua kipaza sauti akasema kwamba umuhimu wa tahadhari hii umejidhihirisha, kwani muda mfupi uliopita Daraja la Nyangoro limeanguka na watu wake.

Siwema alitoka bila kuchukua simu mlangoni.

*

Kidawa alipatikana. Mto ulimtupa kwenye matete huko chini, miguu yote miwili imevunjika, akashikilia hapo mpaka wavuvi wa kambare wakamtoa. Mama Rehani hakupatikana. Mzee wa mikeka alipatikana, lakini hakuwa mtu wa kupelekwa hospitali.

Redio ya wodi alikolazwa Kidawa ilikuwa imeshatangaza. Serikali inatoa pole kwa wafiwa, na inasikitika kwamba tahadhari ilitolewa mapema, kwa maandishi, na bado baadhi ya wananchi waliikaidi. Kukaidi tahadhari iliyochapishwa ni kosa la jinai. Walionusurika watafikishwa mahakamani wakipata nafuu, ili iwe fundisho.

Kwa hiyo alikuja askari akipita kitanda kwa kitanda. Hakuwa mtu mbaya. Alivua kofia, akavuta kiti, akaongea kwa upole.

"Pole mama. Jina?"

"Kidawa Mbaruku."

"Ulipita darajani?"

"Nilipita."

"Hili tangazo uliliona?"

Alimshikia simu karibu na uso. Kidawa alilisoma taratibu, midomo ikicheza, kuanzia kichwa cha habari mpaka chini kabisa kwenye jina. Halafu akayarudisha macho kwenye tarehe. Siwema alikuwa ameketi upande wa pili wa kitanda, kikombe cha uji mkononi, kijiko kimesimama njiani.

"Sikuliona," alisema Kidawa.

"Kutokuliona si utetezi, mama. Lilikuwepo." Askari aliandika. "Usiwe na wasiwasi, kesi yenyewe fupi. Shahidi wa Serikali ni mmoja tu, huyu aliyeandika. Ataapa kwamba aliliandika tarehe hiyo, basi, mambo yamekwisha." Akavaa kofia, akahamia kitanda cha jirani, akavuta kiti.

Uji ulikuwa unapoa.

"Wataniita," Siwema alisema.

"Watakuuliza nini?"

"Kama niliandika. Na kama ni tarehe ile."

"Na uliandika?"

"Niliandika."

Kidawa aligeuza uso kuelekea ukutani. Ni uso tu, maana miguu haikumruhusu kugeuka.

"Basi kaseme kweli, dada."